Tone Jekundu

"Usijisumbue kuifungua," Dzoro aliniambia. "Mama huyu kaichezea mwenyewe."

Mama wa Bondeni, anayechapa kadi za harusi, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yetu ya Mji wa Kale. Kompyuta aliyoundiwa na Dzoro, mwenzangu wa kazi, ilikuwa imeungua.

"Wanangu, mimi hata bisibisi sina," alisema.

Dzoro alikuwa ameshaapa, nami nilikuwa nimeshamwita mama yule mwongo mbele ya majirani.

Nikaifungua. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imebabuka ukingoni. Kando yake ipo jampa, kifuniko kidogo cha plastiki kinachopanga volti. Prosesa ile hutaka mbili nukta nane. Jampa ilikuwa kwenye tatu nukta tano. Hivyo ndivyo prosesa ya polepole inavyolazimishwa kukimbia ili iuzwe kama ya kasi, mpaka iungue.

Kabla kompyuta haijatoka kwetu, jampa hutiwa tone la rangi ya kucha. Mteja akiisogeza, tone hupasuka. Chupa ni ya marehemu mke wangu, na ufunguo wa droo inamokaa tunao mimi na Dzoro tu.

Tone lilikuwa zima. Jekundu, dogo, limetiwa kwa utulivu kama nilivyomfundisha Dzoro, papo hapo penye tatu nukta tano.

"Si nilikwambia?" Dzoro alisema nyuma yangu. "Mwambie, ndugu yangu."

Niliigeuza kompyuta ikaelekea mlangoni, kwenye mwanga.

"Mama," nikasema, "hebu njoo uone."