Jina Lililokaa Bure

Shaweji alikwisha kuvaa viatu, begi liko begani, mkaguzi wa misimbo ya kompyuta alipopiga hodi. Sheria ilikuwa moja: katika msimbo unaoendesha nyumba, kila jina lifanye kazi, la sivyo lifutwe.

"Bi Nunu," mkaguzi alimwambia mwenye nyumba, "humu nyumba ikidaka hitilafu yoyote inaipa jina Shaweji. Wali ukiungua, Shaweji. Bomba likivuja, Shaweji. Kisha jiko linazimwa, bomba linafungwa, na jina halitumiki popote. Nalifuta."

"Ni mume wangu huyo," Bi Nunu akasema. "Miezi kumi kwa mwaka hayupo. Niliandika mwenyewe, awemo walau humo."

"Na kila balaa ni mimi?" Shaweji akauliza.

"Ulitaka uwe nini, mwenzangu, pilau?"

Mkaguzi alicheka, ila kidole kilikuwa tayari kufuta. Bi Nunu akanyamaza. Shaweji, aliyezoea kuagwa kwa maneno makali, hakuupenda ukimya ule. Akashusha begi, akaongeza mstari mmoja kwenye msimbo: nyumba ikidaka hitilafu, impigie Shaweji simu popote alipo. Jina likapata kazi. Naye akaondoka.

Mkaguzi alihamishiwa Tabora. Bi Nunu alihamia kwa binti yake Kigoma, nyumba akaitia kufuli. Shaweji yuko Mpanda, anauza miwani. Kila adhuhuri nyumba ile tupu, isiyo na mpishi wala wali, humpigia kumwambia wali unaungua, naye huijibu asante, zima jiko.