Ngao ya Mama Gunia

Mdoli aliletwa kwa Johana na ambulensi, akalazwa kwenye kitanda cha marehemu Elmina.

Johana alisimama mlangoni akitazama, kofia mkononi. Kwenye kitanda hicho mke wake alifariki miaka miwili nyuma, kitinda mimba amekataa kutoka, akiwa ameingojea ambulensi hiyo hiyo tangu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa imeenda Londiani kuchukua viazi vya meneja. Baadaye meneja alileta pole na sukari.

Mdoli alikuwa wa Sista Loice, mwalimu wa wauguzi wanafunzi kwenye hospitali ya shamba la chai. Alimshona kwa gunia, akamjaza mchanga ili awe na uzito wa mtu, na tumboni akamwekea redio ndogo ya kaseti: kwanza inaguna kama mama mwenye uchungu, kisha inalia kama mtoto mchanga. Wanafunzi walimwita Mama Gunia. Kwa ajili yake wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Nairobi na ngao ya hospitali iliyobuni njia bora ya kufundisha uuguzi. Meneja alikuwa ameshapigilia msumari wa kuitundika ofisini kwake.

Nyumba ya Johana ilichaguliwa kuwa ya kumchukulia mgonjwa wa zoezi, kwa sababu iko karibu na barabara. Yeye hakuulizwa. Aliambiwa tu afagie, na binti yake Chepkurui, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia, ahamie kwa jirani ili wageni wasichanganyikiwe.

Kabla hajahama, Chepkurui akashikwa na uchungu. Jirani yao Nyatichi, anayezalisha wanawake wa kambi ya wafanyakazi, alimpapasa tumbo mara mbili. Kisha akamwambia Johana kwamba mtoto amelala vibaya, vile vile kama yule wa mama yake.

Johana akaenda ofisini. Ambulensi ilikuwa nje, imeoshwa mpaka matairi.

"Leo haiguswi, mzee," meneja alisema. "Leo ni ya zoezi. Tafuta gari huko Kapsoit."

Johana akauliza kama daktari naye ni wa zoezi. Meneja akasema ndio, Daktari Nyamwange yuko tayari kwenye chumba cha upasuaji, vyombo vimechemshwa, damu iko kwenye friji. Wageni wanataka kila kitu kiwe kama kweli.

"Kwa mdoli," Johana akasema.

"Kwa mgonjwa. Sista hataki aitwe mdoli."

Johana akasema asante, akavaa kofia. Meneja hakuwa amelisikia neno hilo kutoka kwake tangu msiba.

Njiani alikutana na Sista Loice akija kumtayarisha mdoli. Waliongea kidogo kando ya shamba la chai, kisha sista akaingia nyumbani akakaa ndani kitambo. Alipotoka, aliwakumbusha wabeba machela masharti. Mgonjwa ni mtu, kwa hivyo hakuna kucheka wala kusimama katikati ya kazi, hata litokee nini. Na hakuna mwanamume wa kufunua mwanamke aliye na uchungu, hapa Kericho wala kwao wabebaji huko ziwani. Atakayegusa blanketi amefeli.

Wabeba machela walikuwa wanaume wa kiwandani. Hilo la mwisho hawakuhitaji kufundishwa. Mmoja alimuuliza Johana hali ya binti yake.

"Amelala," Johana akasema.

Wageni walijipanga barabarani na miavuli yao. Kipenga kikalia, machela ikatoka mbio.

"Huyu mama ameongeza kilo," mbebaji wa mbele akanung'unika.

"Sista ameongeza mchanga. Kimbia."

Chini ya blanketi kukatoka mguno mrefu. Wageni wakatazamana.

"Ni redio," meneja akawaambia.

Johana aliingia ambulensi bila kualikwa, na hakuna aliyemtoa. Mgeni mmoja alisema hata huyo mzee anaigiza vizuri, kama baba kabisa.

Hospitalini mlango wa upasuaji ulifungwa. Wageni wakapewa chai na mandazi. Wakanywa, wakaongezewa, meneja akaanza kuangalia saa, maana siku za kujaribu zoezi halikuchukua muda hivi. Sista Loice alitoa kichwa mara moja, jasho likimtoka, akaagiza damu nyingine. Mgeni mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hospitali nyingine huwa zinaruka sehemu hiyo.

Kisha mtoto akalia.

"Kaseti," meneja alisema, akitabasamu. "Tulirekodi wodini."

Daktari Nyamwange akatoka. Alimtazama meneja, akafungua mdomo.

"Zoezi limekwisha, daktari," Sista Loice akasema nyuma yake.

Daktari akafunga mdomo. Mgeni mkuu akamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Wote wawili wazima," daktari akasema, akaketi sakafuni.

Walipigiwa makofi. Ngao ilipokelewa na meneja, kama ilivyo kawaida ya ngao. Alihutubu kwamba walichokiona wageni ndicho kila mfanyakazi wa shamba hupata, mchana na usiku, yeye na jamaa yake. Jina la Sista Loice halikutajwa. Wakapigwa picha, magari ya Nairobi yakaondoka.

Jioni Johana alirudi nyumbani peke yake. Alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya kitanda cha Elmina, akavuta.

Kwenye lango la hospitali mlinzi aliisimamisha wilbaro yake. Miguu miwili ya gunia ilikuwa inaning'inia mbele, ikivuja mchanga. Mlinzi akataka kujua anapeleka nini saa hizi.

"Mgonjwa," Johana akasema. "Amengojea ambulensi tangu asubuhi."