Komeo la Boma

Siku wanyama walipomtimua Chui, walicheza ngoma hadi vumbi likatanda. Wakajenga boma la miiba mikali, wakamchagua Nyati awe mlinzi, maana alikuwa na nguvu na roho nzuri. Nungunungu peke yake hakucheza. Alikuwa akiutazama mlango. Wao wote wangelala ndani, na komeo lilikuwa limewekwa nje, anakosimama mlinzi.

"Lihamishieni ndani," alisema.

Wakamzomea. Nyati akanuna. "Dada, mimi nimewahi kumdhuru nani?"

"Hujamdhuru yeyote, kaka. Hebu ingia humo kidogo."

Nyati akaingia kwa madaha. Nungunungu akatia komeo. Ngoma ikanyamaza.

Nyati akangoja, akakohoa, kisha jasho likaanza kumtoka. "Fungua basi."

"Una haraka gani? Mimi nina roho nzuri, kila mtu anajua."

"Najua. Lakini fungua."

Alipofunguliwa alitoka mbio, akaling'oa komeo kwa pembe, akalihamishia ndani mwenyewe. Ngoma ikapamba moto, na safari hii Nungunungu ndiye aliyeiongoza.

Tangu hapo mlinzi wa boma lile, hata awe mwema vipi, hupiga hodi.