Chumba cha Sita

Tik. Kisha tena, tik, kutoka jikoni ambako mwanga wa alfajiri ulikuwa haujafika. Raya akawasha taa ya simu. Chembe za kutu zilikuwa zikidondoka sakafuni kutoka kwenye debe lililoning'inia, alimotia mwani mkavu mwezi uliopita. Ubavuni debe bado lilimeremeta, ila kitako kilikuwa kimetoboka. Akautoa mwani, akapitisha kidole ndani. Kote kumeliwa.

Kumbe chumvi ya mwani nayo inakula chuma!

Na ni yeye aliyeandika makadirio ya ujenzi wa ghala la chuma la ushirika wao wa mwani. Rangi ya kuzuia kutu aliipangia kuta za nje tu, kwa kuogopa upepo wa bahari. Boti ya kupeleka oda ya mabati na rangi bara ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili asubuhi hiyo.

Bi Mize, mweka hazina, akaja kuchukua karatasi ya makadirio. Alipooneshwa debe, akaguna. "Lo! Tumefunga mlango, mwizi yuko uvunguni."

"Tupake na ndani, Bi Mize."

"Kwa hela ipi, mwanangu? Hata senti haijabaki."

"Tupunguze ghala. Vyumba sita viwe vitano."

"Kila chumba kina mwenyewe. Mwani wa nani utakosa pa kukaa?"

Raya akachukua kalamu, akakata chumba cha sita, chenye jina lake.

Nasra, binti yake wa miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni akifikicha macho. Akasema, "Mwani wetu utalala chumbani kwangu."