Kidole cha Mtakatifu Barbara

Maige alipotolewa akiwa hai kwenye duara, shimo la wachimbaji lililokuwa limeporomoka, baba yake, katekista wa kigango, alimfungua shati ili apumue. Akaona kifuko kimening'inia shingoni.

Alikifungua akidhani ni dawa ya mganga. Ndani mlikuwa na kidole cha mguu cha plasta, chenye ukucha ambao katekista aliupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Kilikuwa cha sanamu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa kigango na wa wachimbaji. Jumapili iliyopita, mbele ya waumini wote, katekista alikuwa ameapa kwamba aliyekikata atampeleka kwa paroko atengwe na sakramenti, hata akiwa nani.

Akakigeuza kifuko. Kilishonwa kwa kipande cha kitenge cha mkewe.

Mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi, akimfuta Maige matope puani.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mtakatifu Barbara anawalinda walio chini ya ardhi," alinong'ona bila kuinua uso. "Sasa yuko kanisani kwenye kabati la kioo, Baba Maige. Huku shimoni angefikaje?"

Wachimbaji waliwazunguka.

"Katekista, kumbe na wako anavaa dawa?" mmoja alicheka. "Hebu tuoneshe."

Katekista akafumba kiganja. Plasta ilikuwa bado ina joto la kifua cha mwanawe.