Kiduara cha Selotepu

Kwa mara ya tatu mwezi huo, babu alimletea mjukuu wake, fundi wa elektroniki, kifaa cha kusikia cha bibi.

"Kimekufa tena," alisema. Bibi alikaa kando yake, ametulia tuli.

Fundi, ambaye hakuwahi kurudisha kitu kikiwa kibovu na alijivunia hilo kupita kiasi, alikifungua chini ya lenzi. Mara mbili za kwanza alibadilisha betri tu, kikafanya kazi. Nyaya zilikuwa nzima, spika nzima. Alipoitoa betri ndipo akakiona: kiduara cha selotepu, kidogo kama punje ya dengu, kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya betri kwa ustadi ili umeme usipite.

Kazi ile haikuwa ya babu. Babu hata uzi kwenye sindano hauoni.

"Babu, hebu niletee bisibisi ndogo, iko kabatini kule nyuma."

Babu alipoondoka, fundi alimwonyesha bibi kile kiduara kwenye ncha ya kidole. Bibi hakubabaika.

"Kikiwa kizima, ananiita akiwa huko huko jikoni," alisema. "Kikifa, anakuja mpaka hapa." Akajigusa chini ya sikio.

Babu akarudi na bisibisi. "Vipi, kinatengenezeka?"

Fundi alikirudisha kiduara mahali pake, akafunga kifuniko.

"Kimenishinda, babu."

Babu alimshika bibi bega, akainama hadi masharubu yakamgusa sikio. "Anasema kimemshinda."

Bibi alifumba macho.

"Sijasikia," alisema. "Hebu rudia."