Waridi Juu ya Bwana Harusi

Kompyuta ilikuwa imejaa, haipokei hata picha moja zaidi, na Mwanakombo alikuwa akipunguza uzito wa albamu ya familia. Kila ukurasa alikuwa ameutengeneza kwa matabaka: picha chini, juu yake utepe, maua na majina. Akiyaunganisha yote kuwa picha moja, faili hupungua na nafasi hupatikana, ila kilichofunikwa hakifunuliwi tena.

Akafika kwenye ukurasa wa harusi ya mdogo wake, Sauda, aliyekaa nyuma yake akimenya chungwa. Bwana harusi alifunikwa na waridi kubwa. Sauda mwenyewe ndiye aliyeomba liwekwe, mwaka ule alioachika.

"Na huu niunganishe?"

"Unganisha, dada." Kisha akaacha kumenya. "Hebu liondoe kwanza nimwone."

Mwanakombo akalivuta waridi pembeni. Mwanamume alikuwa amechutama topeni, ameinua pindo la gauni la Sauda lisichafuke, anacheka.

Sauda naye akacheka. "Suti yenyewe ya kuazima. Nilisahau alivyoiharibu kwa ajili yangu."

"Basi niunganishe na ua au bila ua?"

Sauda akasogeza kiti, akampa dada yake nusu ya chungwa. Kwenye kioo cha kompyuta, waridi lilibaki pembeni mwa ukurasa, halimfuniki mtu.